Masomo ya Ng'ambo na Kazi ya Uhifadhi: Kutoka Nyeri Hadi Mikoko ya Gazi

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, kuna wazazi na wanafunzi wanaoanza kuulizia nafasi za masomo nje ya nchi. Wengi huwa na udaktari, uhandisi au biashara akilini. Ni wachache wanaotaja mazingira, na mtoto akiyataja, mara nyingi hujibiwa kwamba hiyo si kazi, ni kupanda miti tu siku ya sherehe. Katika ukurasa huu wa elimu tunaliangalia jambo hilo kwa undani. Je, kusoma ng'ambo kunaweza kumfanya kijana wa hapa kwetu aingie katika kazi ya uhifadhi? Na kama ndivyo, ni kitu gani hasa kinachombadilisha huko?

Mfano tutakaokaa nao zaidi ni wa Profesa Wangari Maathai. Jina lake linajulikana, lakini wengi wanamkumbuka kwa tuzo na maandamano tu. Safari yake ya masomo haisimuliwi sana, na ndiyo yenye mafunzo kwa mzazi na mwanafunzi.

Msichana wa Ihithe

Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao kulikuwa na mugumo mkubwa, mti ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ulihesabiwa kuwa mti wa Mungu. Wakaazi wa Kwale hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu, maana wazee wa kaya wamekataza ukataji wa miti ndani ya kaya kwa vizazi vingi, na Kaya Kinondo iko miongoni mwa misitu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Chini ya ule mugumo kulikuwa na chemchemi. Mtoto Wangari alikwenda kuchota maji hapo, akacheza na mayai ya vyura akidhani ni ushanga wa kuvaa shingoni. Ushanga ukawa unamponyoka kila mara.

Alisoma shule ya misheni ya Mathari, kisha Loreto Limuru. Alipomaliza, nchi ilikuwa karibu na Uhuru na ilihitaji wasomi. Tom Mboya na wenzake walikuwa wamepanga mpango wa kuwapeleka vijana Marekani. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya kukodi ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata waliondoka karibu 300, na wakfu wa familia ya Kennedy ukachangia gharama za usafiri. Wangari alikuwa mmoja wao. Vijijini watu walichanga walichokuwa nacho ili mtoto wa jirani apate viatu, koti na pesa za mfukoni.

Alichokipata Marekani

Alipelekwa Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas, katika chuo cha Mount St. Scholastica kilichoendeshwa na watawa. Alisoma biolojia, pamoja na kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya uzamili.

Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Katika miaka ya 1940 moshi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za barabarani ziliwashwa adhuhuri. Wangari alipofika, wakaazi na viongozi wa mji walikuwa wamekwisha kupigania sheria za kupunguza moshi na kazi ya kusafisha hewa ilikuwa ikiendelea. Hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kwamba mahali palipoharibiwa na watu panaweza kurekebishwa na watu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mtu aliyezaliwa akaukuta mto umechafuka anaweza kufikiri kwamba mto huwa hivyo. Aliyeona mji ukisafishwa hawezi tena kufikiri hivyo.

Cha pili alichopata ni ufundi. Utafiti wake wa uzamili ulihusu kiungo kidogo kilichomo ndani ya ubongo wa kware. Swali la haki ni hili: kware wa Pittsburgh anamsaidia nini mwanamke wa Nyeri? Jibu ni kwamba alijifunza kukata tishu vipande vyembamba sana, kuvitia rangi, kuvitazama kwa hadubini na kuandika alichokiona bila kuongeza chumvi. Ufundi huo ndio uliompa kazi baadaye, kama tutakavyoona.

Alirudi nyumbani Januari 1966 akiwa na barua ya kazi ya chuo kikuu mjini Nairobi. Alipojitokeza aliambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini alinyimwa kwa sababu ni mwanamke na kwa sababu ya kabila lake. Wazazi wanaotuma watoto ng'ambo walikumbuke hili: shahada ya nje haifungui kila mlango. Kilichomwokoa ni ile hadubini. Profesa mmoja Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu, akamwajiri. Kutoka hapo alipata nafasi ya kusoma Ujerumani, katika miji ya Giessen na Munich, kisha akakamilisha shahada ya uzamifu Nairobi mwaka 1971. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho.

Kupe na mito ya matope

Mpaka wakati huo Wangari hakuwa mwanamazingira. Alikuwa msomi wa mifugo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa akitafiti ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe na unaoenezwa na kupe. Alikwenda mashambani kukusanya kupe kutoka kwenye ngozi za ng'ombe. Akiwa katika kazi hiyo aliona mambo ambayo hayakuwa katika mpango wa utafiti. Mvua iliponyesha, maji yalishuka yakiwa mekundu kwa udongo. Ng'ombe walikuwa mbavu nje, nyasi hakuna. Alipokwenda kwao Nyeri, ule mugumo ulikuwa umekatwa na chemchemi imekauka.

Akajiuliza: adui wa ng'ombe huyu ni kupe, au ni ardhi iliyochakaa? Wakati huohuo, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni zimekuwa mbali, maji si safi, chakula hakina nguvu. Msomi mwingine angeliyaweka hayo katika mafaili matatu. Yeye, kwa mafunzo ya biolojia aliyokuwa nayo, aliona chanzo kimoja. Miti imekwisha, kwa hiyo udongo unakwenda, maji yanakwenda na kuni zinakwenda.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Masomo ya ng'ambo hayakumpa Wangari tatizo la kutatua, kwa sababu tatizo lilikuwa mtoni kwao. Yalimpa jicho la kuliona na ushahidi kwamba linatatulika. Mwanafunzi anayeondoka bila kujua mto wa kwao unaitwaje atarudi na cheti kizuri, lakini hatakuwa na mahali pa kukitumia.

Wanamisitu wasio na diploma

Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Alianzisha biashara ndogo ya kitalu cha miche iliyokusudiwa kuwapa watu ajira ya kupanda miti. Maji yalikosekana, miche ikafa, na biashara ikafungwa. Tunaitaja kwa sababu katika hotuba nyingi sehemu hii huachwa.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake katika Baraza la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, linalojulikana zaidi kwa jina la Green Belt Movement. Idara ya misitu iliahidi kuwapa wanawake miche ya bure kadiri watakavyo. Haukupita mwaka, wanawake wakawa wanataka miche mingi kuliko ilivyotarajiwa na ahadi ikabidi iondolewe. Basi wakaamua kuotesha miche yao wenyewe.

Maafisa wa misitu walioitwa kuwafundisha walizungumzia vipimo na mitambo hadi wanawake wakachanganyikiwa. Wangari aliwaambia watumie akili ile ile wanayotumia kupanda maharagwe na mahindi. Wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika vyungu vilivyovunjika na kuviweka juu ili kuku wasizifikie. Malipo yalikuwa madogo, na yalitolewa kwa mche ulioshika baada ya kupandwa, si kwa mche uliotolewa kitaluni. Kanuni hiyo moja ingefaa ifuatwe na kila mradi wa miti katika kaunti yoyote. Tunahesabu sana miche iliyopandwa. Ni nadra kurudi baada ya miezi 6 kuhesabu iliyo hai.

Wanawake hao waliitwa wanamisitu wasio na diploma. Mtu aliyesoma Kansas, Pittsburgh na Munich alitumia elimu yake kuwaondolea wengine hofu ya kukosa elimu. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, vuguvugu lilikuwa limepanda miti takriban milioni 30. Katikati ya safari hiyo aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, na dhidi ya unyakuzi wa msitu wa Karura miaka ya mwisho ya 1990. Alipigwa na kufungwa. Leo Wanairobi wanatembea Karura na familia zao. Alifariki Septemba 2011.

Karibu na nyumbani: Gazi na Shimba Hills

Tukirudi Kwale, tunayo mifano yetu. Katika ghuba ya Gazi, mikoko ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Sehemu nyingine za ufuo zilibaki wazi kwa miaka, mikoko isirudi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majaribio ya kupanda upya yalianza, na kati ya waliohusika ni Dkt. James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Alipata shahada yake ya uzamifu katika chuo cha Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, mwaka 2001.

Mtu anaweza kushangaa kwamba Mkenya aende Brussels, mji usio na hata mkoko mmoja, kusomea mikoko. Hakuna kioja hapo. Mikoko yenyewe ilikuwa Gazi. Chuoni kulikuwa na walimu wa kumwongoza, maabara, na wenzake waliokuwa wakisoma mikoko ya nchi nyingine. Wavuvi wa Gazi walijua tangu zamani kwamba mlilana hukaa mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi, mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa na mchu huonekana zaidi kuelekea nchi kavu. Sayansi inaeleza kwa nini: kiasi cha chumvi, muda mti unaokaa majini maji yakijaa, na aina ya matope. Miradi mingi ya mikoko duniani imekufa kwa sababu mche umepandwa mahali si pake. Maarifa ya mvuvi na ya maabara yakikutana, mche hushika.

Matunda yake yanaonekana. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013. Unalinda hekta 117 za mikoko kwa niaba ya vijiji vya Gazi na Makongeni, ukisaidiwa na KMFRI na washirika wa utafiti, kikiwemo Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Uskoti. Mikoko hushika kaboni nyingi katika mizizi na matope, na wanunuzi wa ng'ambo hulipia kaboni hiyo isitoke. Mapato yamekwenda katika maji safi, vitabu na vifaa vya shule, na wanakijiji wenyewe ndio huamua katika mikutano. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vilifuata na mradi wao mkubwa zaidi. Mwanafunzi wa Gazi anayesoma kitabu kilichonunuliwa kwa pesa za mikoko hana haja ya kuulizwa kama mazingira ni kazi.

Upande wa msituni yuko Dkt. Paula Kahumbu, aliyesoma Uingereza na Marekani, na ambaye utafiti wake wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Princeton ulihusu ndovu wa misitu yetu ya Pwani. Baadaye aliongoza shirika la WildlifeDirect na kampeni ya kulinda ndovu, ambayo pamoja na mengine ilifuatilia kesi za ujangili mahakamani ili faili zisipotee. Mkulima wa karibu na Shimba Hills aliyeamka akakuta mahindi yamelazwa chini ana maneno yake kuhusu ndovu, na ana haki ya kuyasema. Ndiyo sababu eneo hili linahitaji wataalamu wanaojua tabia ya ndovu na pia wanaojua uchungu wa kupoteza shamba kwa usiku mmoja.

Kwa mzazi na mwanafunzi anayefikiria njia hii

Msingi huanzia shuleni. Biolojia, kemia, jiografia na hisabati ndiyo masomo yanayohitajika mara nyingi. Kwa wanafunzi wa mtaala wa umilisi, mkondo wa sayansi na teknolojia, STEM, ndio wa kawaida, ingawa sheria, uchumi na uanahabari pia huzaa wahifadhi.

Si lazima kuondoka mapema. Kwa maoni yetu, kwa familia nyingi njia yenye busara ni kusoma shahada ya kwanza hapa nchini, kufanya kazi mwaka mmoja au miwili, kisha kutafuta ufadhili wa uzamili nje. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko karibu zaidi. Kwa anayetaka diploma kuna Chuo cha Misitu cha Londiani, na kwa wanyamapori kuna Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha. Kazi zinazofuata ni pamoja na KFS, KWS, NEMA, KMFRI na idara za kaunti, kwa kuwa Katiba imezipa serikali za kaunti jukumu la kutekeleza sera za taifa kuhusu maliasili, udongo, maji na misitu. Kuna pia wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira wanaosajiliwa na NEMA, ambao hutakiwa kila mradi mkubwa unapopangwa.

Kwa anayetaka kwenda nje, ufadhili wa kweli upo. Commonwealth na Chevening hugharimia masomo Uingereza, DAAD Ujerumani, na Erasmus Mundus katika nchi kadhaa za Ulaya. Chevening humtaka aliyefadhiliwa arudi nchini mwake kwa angalau miaka miwili, sharti ambalo sisi tunaliona zuri. Kwa walio katika umri wa shule ya upili kuna vyuo vya UWC, ambavyo huchukua vijana wa mataifa mengi kwa miaka miwili. Maombi hupitia kamati ya kitaifa, na ufadhili hutegemea uwezo wa familia. Kimojawapo kiko jirani tu, Moshi na Arusha nchini Tanzania.

Ombi la ufadhili huu hufanywa na mwanafunzi mwenyewe, bila malipo kwa wakala. Anayekuambia utoe ada ili jina la mtoto liingizwe katika orodha, mkimbie. Mwaka 2023 Wakenya walishuhudia wazazi wakilia baada ya kulipia nafasi za Finland na Canada, huku watoto wengi wakibaki nyumbani. Baadhi walikuwa wameuza mashamba. Kabla ya kulipa karo popote, hakikisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba shahada ya chuo hicho itatambuliwa hapa Kenya. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kukata rufaa baada ya miaka minne.

Sasa kuhusu lile ambalo waamuzi wa ufadhili hulitazama zaidi. Alama nzuri zinahitajika, lakini waombaji wengi wanazo. Kinachowatenganisha ni kazi ambayo mtu amekwisha kuifanya nyumbani. Kijana anaweza kuanza bila nauli ya ndege. Kamati za wadi za kupanga hatua za mabadiliko ya tabianchi zimo katika wadi zetu chini ya mpango wa FLLoCA, na mikutano yake ya wananchi iko wazi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, na vyama vya jamii vya misitu huhitaji mtu wa kuandika kumbukumbu, kuhesabu miche na kupiga picha. Mwenye daftari la mwaka mzima linaloonyesha miche mingapi ya mkandaa ilipandwa kijijini kwake, mingapi ilikufa na kwa nini, ana cha kuandika katika barua ya maombi ambacho mwombaji mwingine hana.

Daftari hilo lianze na mambo manne: jina la mahali, tarehe, aina ya mti kwa jina linalotumiwa na wenyeji, na hali ya maji siku hiyo. Nakala za vyeti, cheti cha kuzaliwa na pasipoti ziandaliwe mapema, kwani pasipoti inaweza kuchelewa. Barua za mapendekezo ziombwe kwa mwalimu na kwa kiongozi wa kikundi mlichofanya kazi pamoja, wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho ya maombi.